Mbuzi Hakuwa Kwenye Gunia

Hii habari nimekaa nayo muda mrefu bila kuiandika. Wanaopita hapa kibarazani mara kwa mara wanajua kwamba mimi si mtu wa kukosa la kusema. Nikiona mizani imechezewa naandika. Nikiona gunia la mahindi limefungwa lumbesa naandika. Nikinunua dagaa pale Kibirizi nikakuta robo yake ni mchanga, jioni hiyo hiyo naandika, tena kwa hasira. Lakini hii imenishinda, kwa sababu safari hii mwenye mizani mibovu nilikuwa mimi.

Kwa wageni nijitambulishe kidogo. Mimi ni mwandishi wa habari hapa Kigoma. Nina shahada ya chuo kikuu, nina kalamu, nina simu, na kazi yangu inalipwa kwa habari moja moja. Habari isipochapwa, hakuna hela. Nakaa kwa mama yangu, Mwanga, katikati ya Kigoma mjini na Ujiji. Na kisa chenyewe kinahusu mbuzi. Naam, mbuzi jike, chotara wa maziwa, mweupe mwenye mabaka ya kahawia. Nilimnunua, nikamuuza, na katika kumnunua na kumuuza nikajifunza jambo ambalo shahada yangu haikunifundisha.

Tuanzie Katonga, Julai 2024.

Kwa msio wa huku: mwaka ule, kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, Serikali ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu ili samaki na dagaa wapate nafasi ya kuzaliana. Sina ugomvi na uamuzi ule. Hata wavuvi wengi wanakiri kuwa ziwa lilikuwa limechoka. Lakini miezi mitatu ni mirefu kwa mtu anayekula anachovua. Usiku wa giza, ambao kwa kawaida taa za wavuvi huwaka majini mpaka mgeni akadhani kuna mji katikati ya ziwa, maji yalikuwa meusi tii. Mchana watu walikaa kwenye mitumbwi iliyopinduliwa wakishona nyavu ambazo zilikuwa zimeshashonwa.

Nilikwenda Katonga kutafuta habari ya wavuvi. Nikarudi na mbuzi.

Aliyeniuzia alikuwa kaka mmoja wa makamo, mvuvi. Tulikuwa tumezungumza karibu saa nzima, akaniuliza kama pale mjini namfahamu mtu anayetaka mbuzi wa maziwa. Nikakumbuka kuwa mama alishawahi kusema angependa kufuga. Nikasema, "Kaka, labda nimtazame mimi mwenyewe."

Akamleta. Mimi nikajifanya mjuzi, nikamfungua mbuzi mdomo. Kwa faida ya wasiojua: mbuzi hana meno ya mbele juu, anayo manane chini tu. Anazaliwa na meno madogo ya utoto, halafu akikaribia mwaka na nusu mawili ya katikati yanabadilika na kuwa makubwa, na baada ya hapo hubadilika mawili mawili karibu kila mwaka mpaka yote manane yatimie akiwa na miaka kama minne. Huyu alikuwa na sita makubwa. Miaka mitatu hivi, bado kijana. Nikatikisa kichwa kama daktari.

Yule kaka akaniacha nimalize maonyesho yangu, kisha akasema, "Mdogo wangu, nakuuzia laki na thelathini. Lakini kabla hujatoa hela, chuchumaa uangalie huku chini. Titi la kushoto limekufa. Alipozaa aliugua kiwele, tukachelewa kumtibu. Anatoa maziwa upande mmoja tu."

Sikumuuliza. Mimi nilikuwa nimeshamaliza kukagua, niko mdomoni, wala kiwele sikukigusa. Angenyamaza ningetoa laki na thelathini yangu, au laki na ishirini baada ya kuomba punguzo, nikaenda zangu.

Sasa sikilizeni nilichofanya na ule ukweli aliopewa mdogo wake. Niliuchukua nikampiga nao. "Kaka, mbuzi wa titi moja laki na thelathini? Huyo si nusu mbuzi?" Akacheka, akasema laki na ishirini. Nikasema sabini. Akanyamaza. Nikamuaga, nikatembea hatua kama kumi kuelekea barabarani, ule mchezo tunaoujua wote. Nilijua ziwa limefungwa. Nilijua ana watoto, kwa sababu alikuwa ametoka kunihesabia kwa majina yao, mimi nikiandika kwenye daftari. Nilijua kwamba ataniita. Akaniita. Tukaishia elfu themanini.

Alihesabu hela mara mbili. Akaenda nyumbani akarudi na kamba mpya, akaivua ile chakavu shingoni mwa mbuzi akamfunga hiyo. Akaniambia mbuzi asikamuliwe kwa pupa upande ule mbovu maana bado unamuuma. Tukaagana. Jioni pale kijiweni kwetu niliwasimulia wenzangu jinsi nilivyompata mbuzi wa maziwa kwa bei ya kutupa, wakanisifu, na mimi nikasifika.

Mbuzi akakaa kwetu Mwanga. Mama alimpenda. Upande ule mmoja ulitosha chai ya asubuhi na kidogo cha jirani. Machi 2025 akazaa kitoto kimoja, jike. Mwezi Mei simu yangu ikafa, na mwandishi asiye na simu siku hizi ni kama mvuvi asiye na nyavu. Malipo ya habari zangu yalikuwa yamechelewa. Nikamwomba mama tumuuze mbuzi mkubwa, tubaki na mwanawe. Mama akakubali kwa shingo upande, akasema tu, "Mtafutie mtu mwema."

Ilikuwa wiki mbili hivi kabla ya Idd el-Hajj, wakati ambao bei ya mbuzi hupanda na kila mtu Ujiji anakuwa mkaguzi wa wanyama. Mnajua sikukuu ile mnyama wa kuchinja anatakiwa awe mzima: asiwe chongo, asiwe kilema, asiwe mgonjwa wala aliyekondeana. Kwa hiyo watu wanatazama kweli kweli. Mimi nilimtangaza wangu kama mbuzi wa maziwa, na nikajua atatazamwa.

Nitasema nilichofanya bila kukipamba. Siku moja kabla ya mnunuzi kuja, tangu mchana, sikumkamua. Nikamtenga na mwanawe. Usiku kucha kitoto kililia, na mama akauliza kuna nini, nikamwambia namzoesha. Asubuhi kiwele kilikuwa kimejaa, kimevimba, ukikitazama kwa mbali huoni tofauti ya kulia na kushoto. Hakuna aliyenifundisha mbinu hiyo. Ilinijia yenyewe, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo.

Mnunuzi alikuwa bibi mmoja wa Ujiji, ameelekezwa kwetu na watu. Amevaa kanga, amefuatana na mjukuu wa kiume wa miaka kama sita. Mama hakuwepo, alikuwa sokoni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Hamjambo hapa? Mama hajambo?"

Tukasalimiana ipasavyo, nikamtolea kiti, nikamletea maji. Akanieleza kwamba binti yake yuko Dar kikazi, kamwachia mtoto, na mtoto huyu maziwa ya ng'ombe yanamsumbua tumbo. Nikamleta mbuzi. Nikamsimamisha karibu na ukuta, ubavu wa kushoto ukielekea ukutani.

Bibi alimfungua mdomo kwa kidole gumba, haraka, kama mtu anayefungua mlango wa nyumba yake. "Amejaza meno," akasema. Akamshika mgongo, akamtazama kwato, akapeleka mkono chini upande wa kulia akakamua kidogo kwenye kiganja. Maziwa yakatoka mazuri. Akasimama kwa taabu akishika goti.

Halafu akasema, "Mimi macho yangu siku hizi siyaamini sana. Kama ana kasoro utaniambia, mjukuu wangu."

Nikainama nikaanza kurekebisha kamba. Ile ile kamba ya Katonga. Haikuwa na tatizo lolote, lakini niliirekebisha kwa muda mrefu. Nilipoinuka bibi alikuwa anafungua pindo la kanga. Laki moja na sitini, nilipunguza kumi kutoka laki na sabini, na alinishukuru kwa kumpunguzia.

Wahenga walituonya tusinunue mbuzi kwenye gunia. Yule bibi hakununua mbuzi kwenye gunia. Mbuzi alikuwa nje, mchana kweupe, amesimama kwa miguu yake minne. Gunia lilikuwa mdomoni mwangu.

Siku ya tatu akaja. Mbuzi kashikwa na mjukuu, bibi nyuma, wametembea kwa miguu kutoka Ujiji. Safari hii mama alikuwepo. Nilitegemea matusi, nikajiandaa. Bibi akabisha hodi, akakaribishwa, akakaa, akanywa maji, akaulizana na mama habari za afya na za watoto. Dakika kama kumi. Kila dakika ilikuwa inanichoma.

Kisha akanigeukia, sauti ile ile. "Mjukuu wangu, huyu mbuzi ulikuwa unamkamua mwenyewe?"

Nikajibu kitu ambacho nimekiona kwenye risiti za maduka tangu utoto. Nikasema, "Bibi, si unajua, mali ikishauzwa hairudi."

Nilimwona mama akinitazama. Hakuwa anajua. Alijua titi limekufa, yeye ndiye aliyekuwa akimkamua, lakini hakujua kwamba sikusema. Hakunigombeza mbele ya mgeni. Aliinuka akaingia ndani, akarudi na hela zake mwenyewe zimefungwa kwenye kitambaa, akaziweka mkekani. "Mama, tusamehe," akamwambia bibi. "Hela yako yote itarudi. Hii ni sehemu, nyingine ataitafuta yeye." Maana mimi nilishanunua simu.

Bibi akazitazama zile hela bila kuzigusa. "Sijaja kumrudisha," akasema. "Huyu mtoto ameshampa jina. Na mbuzi mwenyewe ana tabia nzuri. Nimekuja kuuliza bei. Ile laki na sitini ilikuwa bei ya mbuzi wa matiti mawili. Nataka uniambie bei ya mbuzi wa titi moja."

Akili yangu ikaenda Katonga, kwa kuwa bei ya mbuzi wa titi moja ilikuwa imeshapangwa, na mimi ndiye niliyeipanga. Nikasema, "Elfu themanini, bibi. Nikurudishie themanini."

Nilidhani hapo nimekuwa mtu mwema. Bibi akacheka kwa mara ya kwanza. "Themanini? Mbuzi chotara, ana meno sita kwenda manane, anazaa? Themanini hata wa kuchinja humpati. Huyu ni laki na ishirini. Nirudishie arobaini."

Mama akajaribu kumwongezea, akakataa. Alichukua elfu arobaini, akatuombea heri, akaondoka na mbuzi wake. Angeweza kuchukua themanini na nisingesema neno.

Nikabaki na hesabu yangu. Bei ya haki ya mbuzi wa titi moja ni laki na ishirini. Yule kaka wa Katonga aliiomba bei hiyo hiyo baada ya mimi kumbana, na aliiomba akiwa amesema ukweli. Mimi nikamlipa themanini. Maana yake nilimwibia arobaini kwa sababu alisema, halafu nikamwibia bibi arobaini kwa sababu sikusema.

Kuna jambo nililisoma wakati naandika makala ya historia ya Ujiji. Mwingereza mmoja, Cameron, ofisa wa jeshi la majini, alifika Ujiji Februari 1874. Ameandika kwamba sokoni pale bei zote zilihesabiwa kwa shanga zilizoitwa sofi, zilizofanana na vipande vya shina la kiko. Asubuhi soko linapofunguliwa kulikuwa na watu wenye mifuko ya sofi wanaobadilishana na wanunuzi, na soko likifungwa watu hao hao wanazipokea tena kutoka kwa wauzaji, na wanapata faida mara zote mbili. Nilipoisoma nilitabasamu, nikasema kumbe walanguzi ni wa zamani. Sikujua kwamba najisoma mwenyewe. Tena wale walikuwa wanatoa huduma. Mimi nilitoa nini?

Ujiji kuna mzee mmoja, fundi cherehani, ambaye huwa nakaa kwenye baraza yake nikitafuta habari. Nikamsimulia, nikijifanya ni kisa cha rafiki yangu. Mzee akaendelea kushona mpaka mwisho wa pindo. Akaniuliza, "Huyo rafiki yako alimwacha mbuzi bila kumkamua ili kiwele kijae?" Nikasema ndiyo. Akasema hilo jambo lina hukumu yake tangu zama za Mtume, kwamba alikataza kabisa kuwaacha ngamia na kondoo bila kukamuliwa ili mnunuzi adanganyike, na aliyeuziwa hivyo ana hiari: akitaka abaki na mnyama, akitaka amrudishe pamoja na pishi ya tende badala ya maziwa aliyokunywa. Wengine wamepokea kwamba hiari hiyo ni ya siku tatu.

Siku tatu. Bibi alikuja siku ya tatu, na mwenyewe wala hakutaja dini. Na mimi niliyedhani nimebuni kitu nilikuwa nimefanya hila iliyokatazwa miaka zaidi ya elfu moja na mia tatu iliyopita, pamoja na dawa yake.

Nikaona nisikie na upande wa sheria. Nikampigia rafiki yangu niliyesoma naye chuo, sasa ni wakili. Yeye nikamweleza ukweli wote. Alicheka, halafu akaniambia jambo la ajabu. Mpaka 1961 Tanganyika ilikuwa inatumia Sheria ya Mikataba ya India ya 1872, na sheria yetu ya sasa imefuata mkondo ule ule. Inasema kwamba kukaa kimya tu si udanganyifu, isipokuwa pale ambapo hali yenyewe inakulazimu useme, au ukimya wako una maana sawa na kusema. Na ile ya India ilitoa mifano kabisa. Mifano ya farasi.

Huku kwetu farasi hatuna, mbung'o na maradhi havikuwaruhusu. Hata Stanley, aliyekuja kumtafuta Livingstone Ujiji mwaka 1871, alianza safari na farasi wawili na wote walimfia mapema njiani. Lakini huko walikokuwepo, farasi ndiye mnyama ambaye watu walidanganyana naye kuliko wote. Waingereza walikuwa hata na jina la ufundi wa kuchonga na kuchoma meno ya farasi mzee ili aonekane kijana. Basi mifano yenyewe ni hii. Wa kwanza: mtu anauza mnadani farasi anayejua ni mbovu, ananyamaza. Huo si udanganyifu. Wa pili: mambo ni yale yale, ila mnunuzi ni binti yake aliyefikia utu uzima juzi tu. Hapo uhusiano wao unamlazimu baba aseme. Wa tatu: mnunuzi anamwambia muuzaji, usipokataa nitachukulia kwamba farasi ni mzima. Muuzaji ananyamaza. Hapo ukimya ni sawa na kusema.

"Wewe," wakili akaniambia, "uko kwenye wa tatu moja kwa moja. Bibi alikwambia utamwambia. Na ule ukuta usiutaje popote, maana ule si ukimya tena. Ule ni kuficha."

Alidhani amenimaliza. Lakini mimi mfano ulionikaa moyoni ni ule wa pili, wa baba na binti. Sheria ile inamfikiria muuzaji na mnunuzi kama watu wawili wasiojuana, kila mtu na macho yake, na udugu ni jambo la nadra linalohitaji mfano wake wa pekee. Je, sisi tunauziana hivyo? Hebu nenda soko lolote la Kigoma, au Kariakoo, au Mwanjelwa. Kuna anayenunua nyanya bila kusema mama, dada, shangazi, kaka, mjomba? Hujauliza bei umeshakuwa mtoto wa mtu. Tunaamkia kwanza, tunaulizana nyumbani hawajambo, ndipo tunagombania shilingi mia. Mimi siku zote niliona hayo ni mapambo, au mbaya zaidi, ni mbinu: ukimwita muuzaji mama atakupunguzia.

Yule mvuvi aliponiita mdogo wangu alikuwa anamaanisha. Kwa hiyo aliniambia kasoro kabla sijauliza, kwa sababu mdogo wako humwachi aingie hasara mbele ya macho yako. Yule bibi aliponiita mjukuu wangu alikuwa anamaanisha. Kwa hiyo aliniachia macho yake, na baadaye akakataa kuchukua kilichozidi haki yake. Mimi peke yangu ndiye niliyetumia maneno hayo kama mtu anavyotumia chambo. Nilisema shikamoo, nikasema bibi, nikasema kaka, halafu nikafanya biashara ya mnadani na mtu baki.

Sisemi tusipatane bei. Kupatana ni raha yake, na yule bibi mwenyewe angenibana mpaka nitoe jasho. Bei ni ya wote wawili, kila mmoja anaivuta kwake, na wote wanaiona. Ninachosema ni kile kisichoonekana: kasoro anayoijua muuzaji peke yake, na shida ambayo mnunuzi anaijua halafu anaisubiri imlegeze mwenzake. Ukishamwita mtu bibi, kile unachokijua ni chake pia. Ukimwita kaka, njaa yake si punguzo lako. Kama hutaki mzigo huo, usimwamkie. Sema tu, "Bei gani?" Tuone kama utaweza.

Agosti ile ya 2025, malipo yangu yalipotoka, nilimrudishia mama hela zake, nikatenga elfu arobaini, nikapanda bodaboda mpaka Katonga. Niliuliza kuanzia mtumbwi wa kwanza mpaka wa mwisho. Walimkumbuka. Wakaniambia ameondoka na wenzake, wamefuata dagaa kusini, na familia amehama nayo. Namba ya simu niliyokuwa nayo ilikuwa kwenye ile simu iliyokufa, na kwenye daftari sikuiandika. Daftarini nilikuwa nimeandika majina ya watoto wake.

Nilirudi tena Desemba. Sijampata. Zile hela zipo, mama ndiye anazitunza kwenye kile kitambaa, na nimemwambia hata nikiwa na shida vipi asinipe.

Kama uko pwani ya ziwa, kuanzia Kalya mpaka Kirando, na unamfahamu mvuvi aliyewahi kuuza Katonga mbuzi mweupe mwenye mabaka ya kahawia, mbuzi wa titi moja, mwambie mdogo wake anamtafuta.